Kifaru cha Papa Viateur

Shirika lilipofunga ofisi yake ya Kashuga, lilituachia magari saba. Yote saba yaliingia katika katoni moja ya biskuti za msaada, na katoni hiyo alikabidhiwa Viateur Gakwaya, mlinzi wa geti.

Magari ya kweli, zile Land Cruiser mbili nyeupe zenye bendera, yaliondoka asubuhi ileile yakiwa yamebeba kompyuta, viti, friji, jenereta, na hata kibao cha jina kilichokuwa kimepigiliwa misumari getini. Kabla ya kupanda, mkubwa wao alitukusanya akatusomea karatasi. Alisema hawatukimbii, ila wanatekeleza mpango, na mpango huo ulikuwa na jina refu la Kifaransa. Tulipiga makofi. Sisi watu wa Masisi huwapigia wageni makofi wakija na huwapigia wakienda. Hapo katikati ndipo tunaponyamaza.

Viateur alikuwa jirani yangu, mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mpole, asiyeinua sauti hata akikanyagwa. Baba yake alikuwa na ng'ombe huko juu milimani. Vita vilipopita mara ya kwanza ng'ombe walipungua, vilipopita mara ya pili wakaisha, na Viateur akateremka Kashuga na mke wake Mukundwa wakakaa kambini miaka miwili chini ya shitingi nyeupe, yaani turubai za msaada, mpaka shirika likampa kazi ya kufungua na kufunga geti. Mukundwa aliuza sokoni maziwa ya ng'ombe wa watu wengine. Alikuwa mfupi, sauti yake ilifika ng'ambo ya kilima, na hakuna mtu Kashuga aliyependa kubishana naye kabla hajala.

Sasa hiyo katoni. Shirika lilikuwa na Mzungu mmoja aliyeshughulikia magari na vifaa, ambaye kila mtu alimwita Lojistisien. Kila risasi zilipolia vilimani, wakubwa wake walimkataza kutoka nje ya ua, na risasi zililia siku nyingi. Yeye alikaa barazani akiunganisha maketi. Ni magari ya plastiki. Ukifungua sanduku lake unakuta vipande mia mbili, mia tatu, vimeshikana kwenye vijiti kama kahawa kwenye tawi. Unakata kimoja kimoja kwa wembe, unasugua, unabandika kwa gundi, unapaka rangi, na mwisho wa yote unapata gari lililo dogo mara thelathini na tano kuliko la kweli, lisilokwenda popote. Viateur, ambaye siku za risasi hakuwa na wa kumfungulia geti, alisimama nyuma yake akitazama. Kisha akaanza kumshikia vipande. Kisha akaanza kumsahihisha.

Jambo moja tu lilimchekesha. Lojistisien alimwambia kwamba huko kwao watu hununua tope ndani ya vichupa, tope la bandia, ili kuyapaka magurudumu yaonekane yametoka vitani. Viateur alitutangazia habari hiyo mtaa mzima. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tope! Mtu anaacha gari likwame Masisi wiki nzima bure, mwingine analipia tope dukani!

Siku ya kuondoka, Lojistisien alimwachia katoni yenye masanduku saba ambayo hakuyafungua, akaahidi kumtumia mengine. Mpaka ninapoandika haya, hayajafika.

Basi Viateur hakuwa na kazi tena, ila alikuwa na magari. Alianza na jeep, akafuata na lori, akafuata na kigari cha kiraia chenye mgongo wa mviringo. Gundi ilipokauka alichukua kidawa cha kufutia rangi ya kucha cha mke wake, akatumbukiza humo mabaki ya vijiti vya plastiki, yakayeyuka, akapata gundi mpya. Rangi ilipokwisha alichukua rangi yenyewe ya kucha. Alichukua na kile kibano cha kung'olea nyusi. Alisugulia jani la msasa lililokuja na wachuuzi wa Walikale. Moshi wa bomba la nyuma aliupaka kwa masizi ya sufuria.

"Viateur," Mukundwa aliita siku moja, nasi tukasikia wote, "vernis yangu iko wapi?"

"Nilipakaa mu jeep."

"Mu jeep. Bibi yako anaenda mu soko na vidole sawa vya muntu wa kuchimba kaburi, lakini jeep yako iko inangaa."

"Ilikuwa tu milango, mama."

"Basi kesho utume hiyo milango iuzishe maziwa."

Sokoni aliwaambia wateja: "Bwana yangu iko na magari saba, lakini maji ninaenda kuchota na miguu." Wateja walicheka, maziwa yakauzika. Nafikiri ndiyo sababu hakuyatupa yale magari motoni.

La saba na kubwa kuliko yote lilikuwa kifaru cha vita, cha vita vya zamani vya Ulaya. Huku kwetu tunasema char, na wazee wakilitamka haraka linakuwa shari. Kilimchukua miezi miwili. Mnyororo wake mmoja tu ulikuwa na vipande zaidi ya tisini, kila kimoja kama punje ya dengu. Antena haikuwamo sandukuni, basi akavunja jino la kichanuo cha Mukundwa, kichanuo cha rangi ya waridi, akalibandika na kulipaka. Rangi haikushika vizuri kwenye ncha. Kifaru kilipokamilika kilikuwa na urefu wa kiatu cha mwanamume, na uzito usiofika nusu kilo ya chumvi. Wanaume wazima, na mimi mmojawapo, tulikuja kukitazama tukiwa tumefunga mikono nyuma kama tuko msibani. Tulimcheka Viateur tukiwa njiani kurudi, si mbele yake.

Mmoja wa waliokuja alikuwa Michel, mchuuzi wa mawese kutoka upande wa Ntoto. Alikitazama kifaru muda mrefu, akatoa simu, akapiga picha, akauliza:

"Papa Viateur, unaweza kuja nayo Ntoto? Kuko mukubwa moja kule, anapenda sana vitu ya technique."

Hakuna mtu aliyewahi kumwalika Viateur mahali popote kwa ajili ya kitu alichokitengeneza. Usiku ule hakulala, asubuhi akapiga pasi fulana ya shirika yenye nembo mgongoni.

"Huyo mukubwa anaitwa nani?" aliuliza Mukundwa.

"Michel anasema ni mupenzi wa maketi."

"Mupenzi. Mu pori ya Ntoto. Muntu hana chumvi, iko anapenda maketi."

Viateur alikilaza kifaru ndani ya majani makavu ya mgomba, akaweka jeep na lori kando yake, akafunga sanduku mgongoni, akamfuata Michel.

Ni mwendo wa siku tatu kwa miguu, na kila penye daraja, kona au kivuli kuna barieri, yaani mti umelazwa njiani na vijana wenye bunduki wameketi pembeni. Kwenye barieri ya kwanza walifungua sanduku.

"Hii ni nini?"

"Ni magari ya maketi."

"Gari ikipita hapa inalipa."

"Lakini hazitembei. Ni mimi ninazibeba."

Mkubwa wa barieri alifikiri sana. "Basi weye utalipa ya muntu," alisema, "na gari itabakia hapa mpaka mwenyewe akuje kulipa yake." Wakachukua lori. Kwenye barieri ya nne waliomba vitambulisho vya kifaru. Michel akawanong'oneza jina fulani, na wale vijana wakasimama wakapiga saluti, hakuna aliyejua wanampigia nani, Michel au sanduku.

Jina hilo lilikuwa la Kolonel Zéphyrin. Kabla ya ukolonel, Zéphyrin alikuwa akiuza vocha za simu Itebero. Msimu wa mvua alijipa ukapteni, na kiangazi kilipofika akajiona anastahili kupanda. Mwenendo wake, kama alivyokiita kikundi chake, ulikuwa na watu arobaini, bunduki kumi na moja, wasemaji watatu na muhuri mmoja mkubwa kama kifuniko cha sufuria. Alichokosa ni heshima. Serikali ilikuwa ikiwaita viongozi wa vikundi mjini kuzungumza amani, na waliolala hotelini walikuwa wale wenye silaha nzito. Wenye bunduki kumi na moja hawakuitwa hata kufagia ukumbi.

Viateur alipofungua sanduku lake mbele ya kibanda cha makuti, Kolonel hakucheka. Alilala kifudifudi kwenye udongo, na gwanda lake lote, shavu likigusa ardhi, akafumba jicho moja.

"Munaona?" aliwaambia watu wake. "Ukilala chini, iko mukubwa."

Hapo ndipo Viateur alipoelewa ameitiwa nini. Baadaye alituambia kwamba aliogopa, kwamba bunduki zilimzunguka, kwamba hakuwa na la kufanya, na yote hayo ni kweli. Lakini alituambia pia yaliyofuata, na hilo namheshimia, maana angeweza kulificha.

Michel alijaribu kupiga picha, ikatoka mbaya. Kifaru kilionekana kama kiatu kilichosahauliwa shambani. Viateur alivumilia picha ya kwanza, akavumilia ya pili. Ya tatu ilimshinda.

"Hapana," alisema. "Muondoe hizi majani. Jani moja inaonekana sawa mugomba. Mulete mani ya juu ya mawe, ile ya kijani, ile laini. Ile itakuwa pori."

Wakaleta kuvu la mawe. Viateur alipanga msitu wa vijiti na kuvu hilo, akachimba njia ya magurudumu kwa kijiko, akakoroga udongo na maji akaupaka kwenye minyororo, si kila mahali, pale tu ambapo kifaru cha kweli kingechafuka. Alimsimamisha Kolonel hatua ishirini nyuma, akamsogeza kushoto, akamrudisha kidogo. Alimweka Michel chini, simu ikigusa ardhi, kifaru shubiri tatu mbele yake. Aliomba mtu avute sigara na apulize moshi taratibu nyuma ya kifaru. Mtu mwenye bunduki akapuliza moshi kama alivyoagizwa na mlinzi wa geti. Na picha ilipotoka, hapo kwenye kioo cha simu kulikuwa na tani hamsini za chuma zikitoka msituni, injini inafuka, na Kolonel Zéphyrin amesimama kando yake mikono kiunoni.

"Eeeh," alisema Viateur. Machozi yalimlengalenga. Kifaru hakijawahi kuonekana kizuri namna ile.

"Papa," Kolonel alimwambia, "tangu leo uko directeur wa blindés, wa machar yote."

"Photo itaenda wapi?" Viateur aliuliza.

"Mu archives," akajibu Michel.

Walikataa kumrudishia kifaru. Walikiweka ndani ya kibanda chake chenyewe, na mlinzi mlangoni, na mlinzi huyo alipewa moja ya zile bunduki kumi na moja. Viateur alingoja siku mbili. Siku ya tatu alishika njia akiwa na jeep peke yake.

Picha ilikuwa imemtangulia. Kwenye barieri ya pili kijana mmoja alimwonyesha simu yake: kifaru kilekile, na chini yake sauti ya Kolonel ikisema safu yake ya vifaru iko njiani kuelekea Kashuga, na wenye vilima vya huko wajiandae. Kolonel alitaka kuwatisha wapinzani wake tu. Lakini wapinzani hawaishi peke yao kilimani. Chini ya kila kilima tunaishi sisi.

Kesho yake Viateur alianza kukutana nasi. Tulikuwa tumejaa njia nzima: magodoro, sufuria, mbuzi, wagonjwa mgongoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba mlango wa nyumba yangu kichwani, maana mara iliyopita nilirudi nikakuta umeibwa. Mbele yangu alikuwa Mama Kanyange, mjane wa umri wa mama zetu, na kuku chini ya kwapa.

"Mama Kanyange, munaenda wapi?" Viateur aliuliza.

"Mbele. Haujasikia? Char iko inakuja. Imeshafika Kalembe, inavunja manyumba."

"Mama, hakuna char. Ni ile yangu. Ile ya plastike. Mulikuja wote kuiangalia!"

Tulimtazama kwa huruma. Mtu mmoja akasogeza redio sikioni mwake. Mtaalamu fulani wa mji mkuu alikuwa akiichambua ile picha. Alitaja mwaka wa kifaru, uzito wake, wanajeshi watano wanaokaa ndani, na madaraja ambayo hakiwezi kuvuka bila kuyavunja. Alijiuliza ni nchi gani imekitoa. Alisema tope kwenye minyororo linathibitisha kwamba kimetembea mbali.

"Ile tope niliipakaa na kijiko," Viateur alisema.

"Papa Viateur," alijibu mwenye redio, "huyu iko na diplome."

Tukaendelea kukimbia. Wapiganaji wa kilima cha juu ya Kashuga, ambao siku zote walitutoza chakula kwa kuwa wanatulinda, walikuwa wamekimbia kabla yetu sote. Nao pia walisema ni mpango.

Viateur alifika nyumbani mchana wa jua kali. Milango wazi, jiko baridi kila nyumba, mbwa tu. Katika mtaa mzima moshi ulitoka mahali pamoja. Mukundwa alikuwa ameketi uani akichemsha maziwa.

"Weye haukukimbia?" Viateur aliuliza.

"Nikimbie nini? Walinionyesha photo. Kila muntu iko analia. Mi nikaangalia antena. Iko na ncha ya rose. Nikasema, hii njo kichanuo yangu."

"Uliwaambia batu?"

"Niliwaambia. Wakasema bwana yangu amenipa bazimu. Nilisimama njiani na ile kichanuo, nikaonyesha jino yenye inakosa. Wakanipita." Alikoroga maziwa. "Na juzi wakakuja wengine, wenye bunduki, sijui ba wapi, wakazunguka nyumba ya kila muntu. Kwa Kanyange walikaa sana. Walibeba haragi yote, hata ya mbegu. Mi nilikuwa hapa peke yangu, Viateur. Nilijificha mu choo na sufuria ya maziwa."

Viateur aliketi chini. Mke wake alikuwa amemcheka miaka yote, na siku hiyo hakumcheka, na hilo lilimuumiza kuliko kitu kingine.

Tulirudi baada ya wiki mbili, mmoja mmoja, kwa aibu, kila mtu akidai kwamba yeye hakuamini tangu mwanzo. Mimi nilirudisha mlango wangu mahali pake. Vitu vingine vyote vilikuwa vimekwenda.

Kolonel Zéphyrin, kwa upande wake, alifanikiwa. Barua ya mwaliko ilimfikia msituni. Angepewa chumba mjini na nafasi mezani kwa sharti moja, kwamba akabidhi silaha zote, na hasa ile nzito. Siku ya kukabidhi ilipangwa Ntoto, kwenye uwanja wa mpira. Afisa aliyetumwa na mpango wa kukusanya silaha, Monsieur Albert, alishuka kutoka helikopta na meza ya kukunja, daftari na miwani miwili. Viateur aliitwa pia, kwa barua yenye ule muhuri mkubwa, na alikwenda, kwa sababu alitumaini kupata kifaru chake.

Bunduki kumi na moja zililazwa chini. Nne kati yake zilikuwa nzima. Kisha Albert akasimamisha kalamu.

"Na char?"

Kolonel alitoa ishara, na Michel akaweka mezani kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Albert alikifungua. Alibadilisha miwani.

"Kolonel, ile ya kweli iko wapi?"

"Njo hii."

"Usinichezee. Photo tuko nayo. Dunia yote iko nayo."

Akaitwa Viateur. Alieleza kila kitu kwa utaratibu: sanduku, vipande, gundi, kuvu la mawe, moshi wa sigara. Albert alimsikiliza mpaka mwisho, uso wake ukizidi kuchoka.

"Wewe ni ingénieur?"

"Nilikuwa sentinelle wa geti."

Albert alifunga daftari, akalifungua tena. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, kwamba ripoti ya kifaru imeshakwenda mji mkuu na imejadiliwa mara mbili. Kwamba wafadhili wamepongeza. Kwamba lori maalum la kubeba vifaru limeshakodiwa, na sasa hivi liko njiani, limekwama kwenye tope upande wa Masisi. Kwamba hayuko tayari kuwaandikia wakubwa wake kwamba wametuma lori la magurudumu ishirini na mbili kuja kubeba kitu kinachoenea mfukoni. Akashika kalamu, na Viateur akasoma akiwa amesimama nyuma yake: *Char, moja. Hali: nzuri. Antena imepinda.*

"Monsieur Albert," Viateur aliomba, "sasa nyote mumeona ni ya kuchezea. Munirudishie."

"Papa, hii ni materiel ya vita. Raia hana ruhusa."

"Lakini—"

"Na wewe uko kwenye liste. Kolonel amekuandika directeur wa blindés. Watu arobaini na moja, vifurushi arobaini na moja vya wanaoacha vita. Hesabu lazima iende sawa."

Kolonel alipanda helikopta bila kugeuka nyuma, na kifaru mapajani mwa Albert. Viateur alirudi Kashuga na godoro la sponji, jembe jipya, na cheti chenye picha yake kinachosema ameacha vita na kurudi kwa amani katika jamii yake. Mukundwa alikisoma kwa sauti, mara mbili, mara ya pili kwa majirani.

"Kumbe nililala na mupiganaji miaka yote hii," alisema, "na panya tu ilikuwa inamushinda."

Alikuwa ameanza kumcheka tena, na Viateur alishukuru.

Asubuhi iliyofuata Mama Kanyange alikuja uani. Hakuketi. Alimtazama Viateur, akalitazama godoro, akaitazama ile jeep ndogo iliyokuwa dirishani.

"Papa Viateur," alisema, "ile char yako ilikula haragi yangu yote, na mbegu. Mi ninataka kuuliza kitu moja tu. Kama iko kidogo vile, tumbo yake ilikuwa wapi?"

Hakuna mtu aliyecheka. Viateur angeweza kusema habari za bunduki zilizomzunguka, au za Michel na archives zake, au za wale wezi ambao hakuna aliyejua walikotoka. Badala yake alilibeba godoro mpaka nyumbani kwa Kanyange, akalitandika, kisha akauliza shamba lake liko upande gani.

Alilima siku kumi na mbili. Mbegu Mukundwa aliitafuta sokoni, kopo kwa kopo, akiwabana wateja wake wa maziwa. Sisi tulipita njiani tukamwita directeur, tukamuuliza kama blindé yake inakunywa mafuta mengi, na mikono yake ilitoka malengelenge akaifunga vitambaa. Kanyange aliketi ukingoni mwa shamba kila siku, kuku wake pembeni, na hakumsaidia hata kung'oa jani moja.

Siku ya mwisho, jua likiwa limesimama, Viateur aliweka jembe chini akanyoosha mgongo.

"Nimemaliza, mama."

Kanyange aliinuka, akapita katikati ya matuta polepole mpaka mwisho, akarudi.

"Ile mustari ya tatu inapinda," alisema. "Uanzie pale kwa jiwe."

Viateur alikwenda mpaka kwenye jiwe, akainama, akaanza upya.